Upinde wa Jiwe la Masisi

Siku ya kwanza kazini walinipa penseli, wakaninyima wino. Chef wa dessin, yaani mkuu wa wachoraji, papa Kambale, aliniwekea mezani penseli mbili ngumu, karatasi za kalki, na picha ya swala aliyechorwa kwenye jiwe fulani huko Sahara. Kalki ni karatasi inayopitisha mwanga: ukiilaza juu ya mchoro, mchoro unaonekana chini yake, nawe unaufuata.

"Nakili huyo nyama," aliniambia. "Ukimaliza, unakili tena."

"Mara ngapi, papa?"

"Mpaka nichoke kumuona."

Alichoka baada ya miezi mitatu. Ndipo nikapewa chupa yangu ya kwanza ya wino mweusi.

Jina langu ni Masika Anastazia. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alitoka Butembo akaja Goma kuuza maharagwe na mawese, na mimi nilisoma kwa masista, ambao walitufundisha kudarizi. Mtu anayedarizi vizuri huanza kwa kuchora vizuri. Kwa hiyo, Directeur wa ile ofisi alipomuuliza Sista Mkuu kama alikuwa na msichana mwenye jicho la kuona na subira ya kukaa, Sista alinitaja mimi. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Wasichana wa rika langu hawakufanya kazi za ofisini, na baba aliwaza wiki nzima kabla hajakubali.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, karibu na ziwa. Kazi yetu ilikuwa kukusanya nakala za michoro ambayo watu wa zamani sana, kabla ya maandishi, waliiacha kwenye mawe na mapangoni. Nakala kama hiyo tuliiita releve: mchoro ulivyo juu ya jiwe, bila kuongeza wala kupunguza. Releve zilitujia kwa posta kutoka kila upande wa dunia, zikiwa zimekunjwa ndani ya mirija ya bati. Zilitoka Hispania, Afrika ya Kusini, Uhindi, Australia. Zile za Uganda tulikwenda kuzipokea mpakani, Bunagana, na mtu wa duane, yaani forodha, pale alikuwa anaifungua mirija yote, moja baada ya nyingine, akitafuta kitambaa cha magendo. Akikuta twiga na maduara, anatutazama kwa huruma.

Mimi nilipunguza zile releve zote ziwe za kipimo kimoja, ili Directeur aweze kuzipanga mezani na kuzilinganisha. Aliweza kuweka mwindaji wa Hispania kando ya mwindaji wa Afrika ya Kusini, akawatazama asubuhi nzima, bomba lake la tumbaku likizimika mdomoni. Siku hizo wasomi walikuwa na njia nyingi za kusoma michoro. Wengine walisema watu wa kale walichora nyama ili wampate porini. Wengine walisema ni maombi, wengine kwamba ni hesabu za mwezi. Directeur wetu alikuwa na wazo lake. Aliamini kwamba wawindaji wa upinde walitembea kutoka bara hadi bara wakichora njiani, na kwamba mtu akitafuta vizuri atakuta nyayo zao hata katika milima yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye goti bovu, aliyetuita wote "Monsieur" na "Mademoiselle", jambo ambalo Wazungu wengi wa Goma hawakulifanya.

Na kweli, alikuwa amepata jiwe lake. Lilikuwa Masisi, juu ya Sake, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mahali gari lilipoishia. Papa Kambale alikuwa amelinakili mwaka mmoja kabla sijaingia kazini. Releve yake ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza ya Directeur: maduara mekundu, duara ndani ya duara, kisha mtu mdogo amesimama, na mkononi mwake upinde. Katika milima yote ya huku hakuna aliyewahi kuona mtu mwenye upinde juu ya jiwe. Directeur alimwandikia Profesa mmoja wa Ulaya, rais wa tume iliyokuwa inatayarisha kitabu kikubwa, na Profesa akajibu kwamba mchoro utaingia kitabuni. Lakini alitaka kwanza releve mpya ya ukubwa kamili, pamoja na picha.

Papa Kambale alikuwa ameumia mgongo mwezi ule, hawezi kupanda mlima. Directeur alinigeukia mimi.

Baba alikubali kwa sharti moja, kwamba mama mdogo, ndugu wa mama yangu, aende nasi kama mpishi. Directeur alikubali papo hapo. Chakula cha kopo kilikuwa kimemchosha. Jioni ya mwisho, nikiwa ninafunga kalki, papa Kambale alikuja na fimbo yake, akaegemea mlango.

"Mutoto," alisema, "kule utakuta upinde."

"Ndiyo, papa."

"Ukiukuta, uchore."

"Na kama siukuti?"

Alitazama chini. "Directeur aliweka kidole juu ya jiwe, akasema: Monsieur Kambale, huu ni upinde. Mi nikachora upinde. Niko na batoto saba."

Alirudi nyumbani kwake bila kuniaga.

Jiwe lilikuwa kwenye shamba la viazi la bibi mmoja mjane, jina lake Nyirakamana. Lilijitokeza kwenye mlima kama ukuta, na juu yake liliinama mbele, kwa hiyo upande wenye michoro ulikuwa mkavu daima, hata wakati wa mvua kubwa. Chini yake palikuwa pa jiwe tupu, safi kama sakafu. Nyirakamana alikuja akasimama na jembe begani kututazama tukishusha mizigo. Directeur hakujua Kinyarwanda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai, kwa hiyo niliongea mimi. Nilimwita koko, kama tunavyowaita bibi zetu.

"Munakuya kuitosha hapa, kuibeba?" aliniuliza, akionyesha michoro kwa kidevu.

"Hapana, koko. Tunaandika sura yake kwa karatasi tu."

"Na mukienda, itabaki vile muliikuta?"

"Itabaki."

"Nimesikia wewe umesema."

Alituonyesha mahali pa kuteka maji, akarudi kwenye viazi vyake.

Nieleze jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Kalki haikubandikwa juu ya rangi. Tuliishikilia kwa vipande vya gundi pembeni, mahali ambapo jiwe lilikuwa tupu, kisha unafuata mchoro kwa penseli laini bila kukandamiza. Rangi inajazwa kwa vinukta. Mahali rangi imefifia unaweka vinukta vichache. Ufa wa jiwe unachorwa kwa mstari wa vipande vipande, ili msomaji asiudhanie kuwa kazi ya mtu. Unahitaji mwanga wa upande, wa asubuhi au wa alasiri, kwa maana jua la mchana hulaza kila kitu kikawa sawa.

Siku ya kwanza nilinakili maduara. Siku ya pili nilimaliza yule mtu mdogo, nikafika kwenye upinde. Mwanga ulikuwa unatoka kushoto. Niliweka lupe jichoni, kile kioo cha kukuza, nikatafuta rangi. Rangi ya yule mtu ilikuwa nyekundu, na ilikaa juu ya jiwe kama unga mwembamba. Ule mstari wa upinde ulikuwa wa kahawia, na haukukaa juu ya jiwe. Uliingia ndani yake. Ulikuwa ufa uliopinda, na maji yenye kutu yalikuwa yametoka humo tangu zamani yakaacha alama. Niliufuata kwa lupe mpaka juu, na huko ukaendelea, mwembamba, shibiri nzima kupita pale papa Kambale alipokuwa ameukata.

Nilitua penseli. Nilimfikiria papa Kambale na batoto saba. Nilifikiria pia kwamba nilikuwa msichana, mwenye miaka miwili ya kazi, na kwamba huko Ulaya watu walikuwa wanangoja upinde. Mama mdogo alikuwa anamenya viazi karibu. Aliniuliza kama ninaumwa.

"Hapana," nilisema. Nikachora mstari wa vipande vipande.

Directeur alikagua kalki kesho yake asubuhi, akiwa ameketi juu ya sanduku. Alifika upande wa kulia, akaiinua kalki kwenye mwanga.

"Mademoiselle, upinde uko wapi?"

"Bwana Directeur, sikukuta upinde. Ni ufa."

"Monsieur Kambale aliukuta."

Hapo nilitaka kusema aliyoniambia papa Kambale, nikaona kwamba nitakuwa nimemtupa motoni. "Labda mwanga ulikuwa mwingine," nilisema. "Tafadhali mutazame kwa lupe."

Alichukua lupe, akaenda kwenye jiwe, akatazama kwa muda mrefu, akafuta macho, akatazama tena. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini, na ndipo nilipoelewa kwamba macho yake hayakuwa yanatenganisha tena nyekundu na kahawia. Hakuwahi kulisema jambo hilo. Alisema tu: "Maji yatatuambia. Rangi ikilowa inang'aa. Ufa ukilowa unakuwa mweusi basi. Uniletee ndoo na sifongo."

Vijana wanaosoma haya watashangaa, lakini siku hizo kila mtu alilowesha mawe, duniani kote, ili picha itoke vizuri. Ofisi zote zilikuwa na sifongo.

"Bwana Directeur, tulimwahidi yule bibi kwamba itabaki vile vile."

"Maji ni maji, Mademoiselle. Mvua inanyesha kwenye mlima huu tangu dunia iumbwe."

Mvua haikuwa imewahi kugusa upande ule. Nilijua, kwa sababu kiganja changu kilipogusa jiwe pembeni kilitoka na vumbi kavu. Ningeweza kusema. Nilikuwa tayari nimempinga mara moja asubuhi ile, na sikuwa na nguvu ya kumpinga mara ya pili. Nikaenda kuteka maji. Ndoo niliileta mimi.

Alipitisha sifongo polepole, kwa heshima, kama mtu anayemwosha mgonjwa. Na kweli rangi ilitoka. Maduara yaliwaka mekundu kama yamechorwa jana. Hata mama mdogo aliacha viazi akasimama. Yule mtu mdogo alionekana hata vidole vya miguu. Na upinde ukawa mweusi, mweusi tu, ukapanda mpaka juu ya jiwe kama mzizi.

"Ni ufa," alisema Directeur. Alipiga picha zake. Hakunitazama.

Kabla ya saa sita, jiwe lilianza kukauka. Tulisikia kwanza, ndipo tukaona: sauti ndogo kama ya majani makavu. Ngozi ya jiwe ilikuwa inanyanyuka. Kipande cha ukubwa wa sahani kilianguka, kisha kingine, na juu ya sakafu vilivunjika vikawa unga. Yule mtu mdogo alianguka mzima. Nusu ya maduara ya chini yalimfuata. Directeur alinyoosha mikono miwili kama atavizuia, kisha akaiacha ishuke.

"Upande ule ulikuwa umemaliza kuunakili?" aliniuliza baadaye, bado amesimama.

"Niliumaliza jana."

"Basi nakala yako ndiyo iliyobaki."

Kwenda kumwambia Nyirakamana haikuwa kazi yake, alisema. Wala hangeweza kwa lugha. Nilikwenda mimi. Nilimkuta shambani, na nilimweleza nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo, kama ninavyofanya mbele ya bibi yangu. Alikuja hadi kwenye jiwe. Aliokota kipande kilichokuwa na wekundu kidogo, akakipindua, akakiweka chini.

"Siku ya kwanza nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama itabaki vile tuliikuta."

"Ukanijibu?"

"Nilijibu itabaki."

"Na maji, nani alileta?"

"Mimi."

Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Nilingoja matusi, hayakuja. "Mama mukwe wangu alinionyesha hii jiwe siku nilikuya hapa kuolewa," alisema. "Sasa mi nitaonyesha batoto nini? Leta hiyo karatasi yako."

Nilimkunjulia kalki juu ya majani. Aliitazama akiwa ameinama, mikono nyuma, akaniuliza hiki ni nini na hiki ni nini, akafika kwenye mstari wa vipande vipande. Nilimwambia ni ufa. Akasema: "Uniandikie yangu."

Sheria ya ofisi ilikuwa kwamba releve haitolewi kwa mtu. Nilikaa alasiri yote nikimwandikia yake, kwa penseli na chaki nyekundu, kwenye kalki yetu nzuri ya Ulaya. Directeur alipita mara mbili nyuma yangu. Mara ya pili aliweka kando yangu mrija wa bati usio na kitu, wa kuihifadhia, akaendelea na njia yake.

Tulirudi Goma. Siku mbili Directeur alijifungia, siku ya tatu akamwita papa Kambale. Nilisikia fimbo ikienda polepole kwenye korido, na mimi mezani nikashindwa hata kufungua wino. Alipotoka, alikuja moja kwa moja kwangu.

"Ulimwambia nilichokuambia mlangoni?"

"Hapana, papa."

"Basi amejua peke yake." Aliketi kwa taabu. "Amenisomea barua anamwandikia Profesa. Anasema humo: kosa la kusoma ni langu, mchoraji alichora nililomuonyesha. Amesema hivyo, Masika. Muzungu huyu."

Alitoa kitambaa akafuta uso mzima.

Baadaye barua ilipita mikononi mwangu, kwa sababu nilitakiwa kuiambatanisha na releve mpya. Niliisoma. Alilosema papa Kambale lilikuwemo, neno kwa neno, na lilimgharimu Directeur; mchoro wa Masisi haukuingia katika kitabu kile. Lakini mstari wa chini ulisema kwamba uso wa jiwe umeharibika. Umeharibika, basi, kama matunda. Maji hayakutajwa, wala sifongo, wala ndoo. Nililisoma neno hilo mara nyingi, kisha nikaifunga bahasha. Nilikuwa nimeshamwambia ukweli mara moja, nami pia nilikuwa na sehemu yangu katika hilo la maji. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mitatu, na hatukuzungumzia ndoo hata siku moja.

Uhuru ulipofika, ofisi ilifungwa. Mirija ilipakiwa kwenye masanduku, Directeur akaondoka nayo. Alinipa mkono, akaniachia lupe yake. Papa Kambale alirudi kwao Lubero. Mimi nilichukuliwa na cadastre, ofisi ya kupima viwanja, na huko nilichora mipaka ya watu mpaka nilipopewa pensheni. Wakuu walikuwa wengi; mmoja alikuwa mpole, mmoja alilala mezani, mmoja alitaka mito ihame kwa ajili ya rafiki zake. Kwa wote nilichora nilichokiona, na wawili kati yao walinihamisha kwa sababu hiyo.

Kazi ya cadastre ilinifikisha Masisi mara moja tu. Nyirakamana alikuwa ameshakufa. Nyumba ya mkwe wake, mke wa mwanawe, ilikuwa imepambwa ukutani kwa udongo mwekundu: maduara yale, mtu yule mdogo, na kando yake safu ya vistari vilivyopinda vikipanda juu. Nilimuuliza yule mama vistari ni nini.

"Ni ng'ombe banatoka mutoni," alisema. "Koko alituachia karatasi."

Nilimweleza kwamba ni ufa wa jiwe, na kwamba niliuchora mimi mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, akaniletea kiti na maziwa. Kisha akasema: "Ni sawa, mama. Lakini hapa kwetu ni ng'ombe."

Sikubishana naye. Huenda hivyo ndivyo mambo yalivyoanza hata kwenye jiwe lenyewe.

Sasa ninakaa Katoyi, hapa Goma, na wanafunzi wa historia hunijia wakitaka niwaambie maana ya yale maduara. Ninawajibu kwamba nimenakili maduara ya mabara matano na sijui maana ya hata moja. Wanasikitika, wanafunga madaftari. Basi kwa ajili yao nitaandika jambo moja ambalo ninalijua, na ambalo sikumwambia Directeur kwa sababu hakuniuliza.

Asubuhi ile ya kwanza, kabla ya kubandika kalki, nilikuwa peke yangu mbele ya jiwe. Maduara yalikuwa yamechorwa kwa kidole. Kila mstari ulikuwa mzito pale kidole kilipotua na mwepesi pale kilipoinuka. Nilisogeza kidole changu cha shahada karibu, bila kugusa. Kilikuwa kinene kuliko mstari. Nilisogeza kidole kidogo, na hicho pia kilizidi. Mimi nilikuwa msichana mwembamba, na aliyechora alikuwa na kidole chembamba kuliko kidole changu kidogo. Alikuwa mtoto.

Na duara la juu kabisa sikulifikia mpaka niliposimama juu ya sanduku. Mtu mzima alimbeba.